Chetezo Kiliingia Kwanza

Pikapu ilikuwa imeiacha lami nyuma na sasa ilipanda kwa gia ya kwanza, ikiyumba juu ya udongo mwekundu kama mtu aliyebeba ndoo mbili zisizolingana. Zayd alishika usukani kwa nguvu na kumuuliza kila aliyekutana naye njiani, "Gasenyi ni huku?" Kila aliyeulizwa alinyoosha mkono juu zaidi. Ndani ya gari lile hapakuwa na mtu aliyewahi kufika huko. Zayd mwenyewe alikuwa ameikodi nyumba kwa simu, kwa kutazama picha mbili. Mkewe Assia aliijua kwa picha hizo hizo. Nyuma, kati ya magodoro, alijibanza mgeni wao, msafiri aliyekuwa akingoja meli ya mizigo ya Kalemie, na meli yenyewe ilikuwa imekosa mafuta kwa wiki ya pili. Mbele alikaa Bi Moza, mamake Zayd. Mjukuu wake Nura alikuwa katikati ya magoti yake, na juu ya mapaja, kimefungwa ndani ya kanga, alipakata chetezo.

"Mama, si ungeweka ile kitu nyuma na vyombo?" alisema Zayd. "Inakuumiza."

"Nyuma? Kama sufuria?" Bi Moza alikikumbatia zaidi. "Mi nilizaliwa nikaikuta. Chetezo inatangulia, sisi tunafuata. We endesha."

Kilikuwa chetezo cha shaba cha kufukizia udi, kizito, mguu wake mmoja umeungwa kwa risasi. Nyanya ya Bi Moza alikuja nacho kutoka Omani, kwanza Unguja, kisha Ujiji, kisha akasafiri nacho ziwani mpaka huku. Bi Moza alikuwa na umri wa miaka sitini na tatu, na hakuna aliyekumbuka kumwona amekaa kitini mpaka chai ikaisha. Hata ndani ya gari aliondoka mahali: alifungua kioo, akakifunga, akamrekebisha mtoto ukosi, akahesabu miti, akauliza saa.

Hii ilikuwa nyumba ya tatu kwa miaka miwili, na sababu ya nyumba zote tatu ilikuwa kifua cha Nura. Mtoto alikuwa na miaka sita. Kikimshika, mabega yalipanda mpaka masikioni, ngozi ya katikati ya mbavu ilizama ndani, na pumzi ilitoka na sauti ya mlango usiopakwa mafuta. Walianzia Quartier Asiatique, mtaa wa mjini, katika vyumba vya nyuma ya duka la nguo la familia, mahali Bi Moza mwenyewe alipozaliwa. Pale malori yalishusha mizigo bila kuzima injini, na kila mtu alisema ni moshi wa malori. Wakahamia Buyenzi, karibu na gereji ya Zayd. Kule mafundi walipulizia rangi milango ya magari barabarani, watoto wa jirani wakarudi kutoka shule na nywele za bluu, na kila mtu alisema ni rangi. Sasa walikuwa wanakimbilia Gasenyi, kando ya mji, chini ya vilima, ambako upepo ulisemekana kuwa bado haujatumiwa na mtu.

Assia alikuwa ameshatoa neno lake, mara moja tu, akiwa anakunja mapazia ya Buyenzi. "Huko ni mwisho. Akianza tena kule, namupeleka kwa mama yangu Rumonge, na harudi."

Bi Moza alilisikia. Tangu siku ile mkono wake haukubanduka begani mwa Nura, kana kwamba Rumonge kulikuwa na mtu anayemvuta kutoka upande wa pili.

Nyumba ilikuwa ndogo, nyeupe, imepakwa chokaa mpya. Assia alishuka na godoro kichwani akaenda moja kwa moja mlangoni.

"We, simama hapo!" Bi Moza alipaza sauti. "Unaingia nyumba ya watu na godoro?"

"Ya watu gani, Mama? Ni yetu, tumeshalipa."

"Walioondoka wameacha nini ndani, unajua? Waligombana humo, walilia humo. Ngoja nyumba isafishwe."

Wote walingoja nje na mizigo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote. Chetezo kiliingia kabla ya maji, kabla ya chumvi, kabla ya mtu yeyote kukaa. Bi Moza aliwasha makaa kwenye imbabura, lile jiko dogo la bati, uani. Alipuliza mpaka yakawa mekundu, akayahamisha kwa koleo, akaingia kwa mguu wa kulia. Nura alimfuata nyuma akiwa amebeba kopo la udi, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa yake tangu alipoweza kutembea bila kuanguka. Walifunga madirisha yote. Walizunguka chumba kwa chumba, pembe kwa pembe, Bi Moza akisoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini na mtoto akidondosha kipande kimoja kimoja juu ya kaa. Ukifungua dirisha, Bi Moza alifundisha, umewapa majirani udi, na uovu umebaki ndani.

Nje, Assia aliuvuta ule moshi uliopenya chini ya mlango na, licha ya kuchoka, akatabasamu. Siku walipokuja kumposa, ni harufu ile iliyomfanya aseme ndiyo kabla ya kumwona Zayd vizuri.

Na si harufu ya dukani. Udi wa Bi Moza ulijulikana kutoka Asiatique mpaka Uvira ng'ambo ya mpaka. Bibi harusi aliyepambwa bila udi wake alihesabiwa kama amepambwa nusu. Aliupika mwenyewe: sukari na marashi ya waridi juu ya moto mdogo mpaka sukari ishike uzi, kisha unga wa sandali, kisha vipande vya udi, kisha miski na mafuta mengine ambayo hakuyataja mbele ya mtu. Aliupika ndani, mlango umefungwa na kitambaa kimesokotwa chini yake, kwa sababu mbili. Upepo huivunja sukari. Na jicho la jirani huiba mapishi. Mamake alimfundisha hivyo ndani ya chumba kilichofungwa, na mama wa mamake vivyo hivyo. Bi Moza hakuzaa binti. Alingoja miaka thelathini mpaka akazaliwa Nura, na tangu mtoto alipokuwa na miaka miwili alimkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na jiko, atazame. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa mle. Assia aligonga mlango akaambiwa asubiri.

"Sukari inasema nini sasa?" Bi Moza aliuliza.

"Inasema puk, puk."

"Bado. Ikinyamaza?"

"Ikinyamaza ndio tunamwaga sandali, Bibi."

"Mashallah. Mamako ana diplome, lakini hii hajui."

Wiki ya kwanza Gasenyi ilikuwa kama ahadi. Asubuhi ukungu uliteremka vilimani, mchana upepo ulipita barazani, na Nura alikimbizana na vifaranga. Assia alianza kuning'iniza mapazia. Zayd, aliyekuwa akishuka mjini alfajiri na kurudi magharibi, alisema chakula kina ladha huku juu. Alhamisi jioni Bi Moza alifanya kama kila Alhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa: alifukiza nyumba, akaweka tenga juu ya chetezo na nguo za Ijumaa juu ya tenga, kisha akamsimamisha mtoto juu ya moshi, shuka imemfunika mpaka shingoni, ili kifua kifunguke.

Ijumaa asubuhi Nura alikohoa mpaka akatapika.

Bi Moza alijua ni nini. Alikuwa ameshajua toka Asiatique, kwa sababu mara nyingi ilikuwa Ijumaa. Ijumaa mtoto huvaa vizuri, hupakwa wanja, watu humtazama. Ni jicho. Kwa hiyo Ijumaa ile ile, baada ya sala, alimfukiza tena.

Lakini jicho pekee halikutosha kumtuliza. Alikuwa mtu wa kutafuta adui kwa miguu. Alizunguka kiwanja, akanusa, akapanda jiwe, na akaona, upande wa pili wa ua, tanuru la matofali. Alivaa baibui akaenda. Mwenye tanuru aliitwa Sébastien, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, na alikuwa amekaa na vijana wawili wakila mahindi ya kuchoma.

"Amahoro, Mama," alisema Sébastien, akimtakia amani.

"Amahoro gani na moshi hii? Mujukuu wangu anakaribia kufa sababu ya matofali yako!"

"Matofali gani?" Mzee aligeuka kutazama tanuru lake kana kwamba lilikuwa limewaka nyuma ya mgongo wake. "Mama, ile imezimika tangu mwezi wa nane. Angalia, majani imeota juu. Nani anachoma matofali na mvua hii?"

"Na moshi niliona leo asubuhi?"

"Ile ni ukungu. Huku kwetu iko ukungu. Kule kwenu mjini mutaiona wapi, muko na taa mingi."

Vijana walicheka. Bi Moza aliwatazama mpaka wakaacha.

"Pardon, Mama, na mi nina swali," alisema Sébastien, akitupa gunzi. "Kwako munafanya nini ile siku mulihamia, na tena siku ya ine jioni? Mbuzi yangu inapiga chafya mpaka usiku."

Siku ya ine ni Alhamisi. Bi Moza alikaza baibui. "Mbuzi yako ina bahati. Iko watu Uvira wanapanda gari kuja kutafuta harufu ile."

"Basi waje wachukue na mbuzi."

Alirudi nyumbani akitembea haraka kiasi kwamba ndala moja ilikatika. Alimsimulia Assia habari ya mbuzi kama tusi, na Assia akageuza uso asionekane akicheka. Adui aliyetafutwa nje hakupatikana. Basi Assia akamtafuta ndani, naye akampata mmoja: nyuma ya pazia la chumba cha mtoto, chini ya kitanda, madumu mawili ya petroli, vifuniko vimezibwa kwa mifuko ya plastiki.

"Zayd! Mutoto analala juu ya essence?"

"Sasa niiweke wapi? Nje waibe? Mafuta nimepanga foleni siku mbili—"

"Iweke kwa kitanda yako! Toa. Toa sasa hivi!"

Madumu yalitoka. Zayd alijenga kibanda cha mabati mwisho wa kiwanja, kwa aibu. Na Assia akaondoa pia dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo, na imbabura ikapigwa marufuku kuvuka kizingiti hata mvua ikinyesha. Kwa siku tano Nura alilala vizuri. Mama na bibi walipishana ukumbini wakitazamana kama watu walioshinda kesi.

Siku ya sita ilikuwa Alhamisi. Na wiki hiyo hiyo kulikuwa na oda kubwa: Houda, binti wa jamaa za Asiatique, alikuwa anaolewa baada ya wiki chache, na mamake alitaka makopo ishirini. Bi Moza alipika Jumatano na Alhamisi, mlango umefungwa, Nura juu ya ndoo yake. Jioni alifukiza.

Ijumaa kabla ya jua kuwa kali, midomo ya Nura ilikuwa na rangi ya majivu. Hakukohoa tena. Hakuwa na pumzi ya kukoholea. Zayd alimbeba mpaka kwenye gari, Assia akaingia na kitabu cha mtoto cha kliniki, Bi Moza akaingia bila viatu.

Muuguzi wa kituo cha afya aliitwa Esperance, mwanamke mwenye sweta juu ya koti jeupe, asiye na haraka. Alimvalisha mtoto kinyago cha mvuke wa dawa, akangoja mabega yashuke. Yaliposhuka, alivuta kiti.

"Nyumbani nani anavuta sigara?"

"Hakuna," alisema Zayd.

"Munapika wapi?"

"Uani," alisema Assia. "Imbabura haiingii ndani tena."

"Dawa ya mbu?"

"Tumeacha."

"Essence, pétrole, rangi?"

Assia alimtazama mumewe. "Imetoka."

"Takataka munachoma?"

"Apana."

"Kwa hiyo hakuna kitu inawaka ndani ya nyumba."

"Hakuna," alisema Bi Moza, na alisema kwa moyo mweupe. "Wallahi hakuna moshi."

Esperance aliinama kumsikiliza mtoto mgongoni. Alikaa pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha aliinua pindo la gauni la Nura mpaka puani, akanusa, akanusa na nywele.

"Na hii?"

"Hii ni udi," alisema Bi Moza. "Hii si moshi. Ni harufu."

"Inatoka wapi, Mama?"

"Kwa chetezo."

"Juu ya makala ya moto?"

"Sasa utaiweka juu ya nini, barafu?"

Muuguzi hakucheka, wala hakukasirika. "Mama, mi mwenyewe napenda harufu hii. Kwa harusi ya dada yangu waliifanya. Lakini kifua cha mutoto hakiulizi moshi ni ya bei gani. Ile inachoma ndani, inachoma." Akamgeukia Assia. "Muliwasha lini?"

"Jana."

"Na mara ya mbele, kabla ya hii, alipozidiwa?"

Assia alifungua kitabu cha mtoto. Tarehe zote zilikuwamo, kwa wino wa waganga mbalimbali, wa Asiatique na Buyenzi, na Zayd alitoa simu atafute kalenda. Walisoma pamoja kwa sauti ya chini. Ijumaa. Ijumaa. Jumamosi. Alhamisi, na Bi Moza, bila kuulizwa, akakumbuka kwamba wiki ile alipika kwa ajili ya arusi ya Kigoma. Ijumaa. Siku ya pili tangu waingie nyumba ya Buyenzi. Ijumaa.

"Ni jicho," alisema Bi Moza, lakini sauti yake iliteleza.

Alisimama, akakaa, akasimama. Alisema gari lina joto, akarudi nyumbani kwa miguu, pekupeku, kilomita mbili za kupanda.

Alipofika aliingia chumba cha kupikia udi, akafunga mlango, akasokota kitambaa chini yake kwa mazoea. Hakuwasha kitu. Maisha yake yote ndani ya vyumba kama hicho alikuwa ametazama chini, kwenye sukari, kwa sababu sukari haisamehe anayetazama pembeni. Sasa hapakuwa na sukari ya kutazama, akainua uso. Dari ilikuwa na chokaa mpya walipohamia, nyeupe kama sahani. Sasa juu ya jiko palikuwa na duara la rangi ya chai iliyokolea, na kutoka kwenye duara lile michirizi ilishuka ukutani mpaka usawa wa ndoo iliyopinduliwa. Alipanda juu ya ndoo. Akapitisha pembe ya kanga darini, na kanga ikarudi nyeusi, yenye mafuta. Alinusa. Ilikuwa na harufu nzuri.

Alikaa juu ya ndoo muda ambao hajawahi kukaa popote.

Tangu hapo alijaribu, kwa namna yake, yaani yote kwa mara moja. Alihamisha jiko uani. Upepo wa Gasenyi, ule uliosifiwa, uliingia ndani ya sufuria, sukari ikaganda mapema, na udi ukatoka kama kokoto. Sébastien alisimama ukutani kutazama.

"Mama, leo unapika matofali?"

"Toka hapo, mwizi wa mapishi!"

"Sukari yote hiyo! Bora ungeweka kwa chai, tungekunywa sote."

Alijaribu kupika ndani bila Nura. Mtoto alikaa nje ya mlango, mdomo kwenye tundu la kitasa. "Bibi, imenyamaza? Bibi, mbona hunijibu? Imenyamaza?" Na moshi ulitoka kwenye tundu lile lile. Bi Moza aliuona, kwa mara ya kwanza aliuona, uzi mwembamba wa buluu ukienda moja kwa moja kwenye uso wa mtoto. Akamwaga maji juu ya makaa.

Alhamisi iliyofuata hakufukiza. Alizunguka nyumba bila chetezo akisoma ile ile Ayatul Kursi, mikono haijui ishike nini. Aliona pembe za vyumba zina giza. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua. Asubuhi Nura aliamka, akanyoosha mikono, akaomba mkate na siagi ya karanga, na akala, na akaomba mwingine. Bi Moza alimtazama akitafuna. Kisha akatoka nje kana kwamba ameitwa.

Kikohozi hakikuisha kabisa. Vumbi la barabara lilikuwepo, na majirani walichoma majani. Lakini Ijumaa mbili zilipita bila gari kuwashwa alfajiri, na Assia hakuitaja tena Rumonge.

Siku ya tatu baada ya Ijumaa hiyo ya pili, Bi Moza alianza kufunga vyombo vyake.

"Mama, unafanya nini?" Assia alisimama mlangoni.

"Narudi Asiatique. Kwa Thabit." Thabit alikuwa kaka yake, mgane, aliyebaki peke yake na duka. "Chumba changu cha nyuma kiko tupu. Malori yatanikohoza mi, si mutoto."

"Mama, hakuna mutu amekufukuza. Unaweza kaa. Acha tu kupika."

"Na nikiacha, nakaa hapa nafanya nini? Nahesabu vifaranga?" Alikunja gauni, akalikunjua, akalikunja tena. "Houda anaolewa wiki ijayo. Aende kwa mume wake ananuka sabuni?"

"Wengine wanaenda hivyo."

"Ndio maana wanarudi."

Assia alicheka, kisha machozi yakamtoka, akaketi kitandani karibu na mzigo. "Ni mi nilisema maneno ya Rumonge. Nisamehe, Mama."

"Ulisema sawa. Ungesema mapema." Bi Moza alifunga fundo. "Nilikuwa nachunga mulango wa mbele, kumbe mi ndiye nilikuwa namubeba mwizi mgongoni. Nyumba tatu, Assia. Nyumba tatu, na kila moja niliingia mbele yenu."

Nura ndiye aliyekuwa mgumu. Aliichukua ndoo yake na kukaa juu yake katikati ya ukumbi, kifua amekifunga kwa mikono.

"Nani atakuambia sukari imenyamaza?"

"Nitasikia mwenyewe. Niko na masikio mawili."

"Unazeeka."

"Ni nani amekuambia?"

"Baba."

Bi Moza alichuchumaa, magoti yakalia. "Sikiliza. Mapishi inaingia kwa macho, lakini na kwa mdomo inaingia. Kila Jumapili nitakuja, nimeoga, nimevaa nguo ya kuanikwa kwa jua. Utanisomea kama unavyosoma sura. Anza."

"Sukari," alisema Nura, bila kupenda. "Marashi. Inasema puk, puk. Inanyamaza. Udi."

"Udi? Umeruka nini?"

"...Sandali."

"Voilà. Ungechoma harusi ya watu. Tena."

Walirudia mara saba, mpaka mtoto akasahau kwamba alikuwa amekasirika. Mafuta ya mwisho, yale yasiyotajwa, Bi Moza alimnong'oneza sikioni, huku akiwa amemfukuza kila mtu ukumbini kwa macho.

Zayd alipakia masufuria, magunia mawili ya makaa, kopo la sandali. Mgeni alisaidia kubeba; meli yake ilikuwa bado haijapata mafuta, na alikuwa ameambiwa akae mpaka ipate. Bi Moza alipanda mbele akakaa kama alivyokuja, chetezo juu ya mapaja ndani ya kanga, ila sasa hapakuwa na kitu katikati ya magoti. Nura alipanda kwenye ubao wa mlango, akaingiza kichwa dirishani, akamnusa bibi yake shingoni kwa muda mrefu.

"Unanuka sabuni."

"Mwaka huu wote hutanisikia na harufu nyingine. Shuka. Zayd, twende, unangoja nini?"

Gari liliteremka. Nura alikimbia nyuma yake. Alipita lango, akapita tanuru la Sébastien lililoota majani, mbuzi wakampisha, ndala zikampiga visiginoni. Bi Moza hakugeuka. Alimtazama kwenye kioo cha pembeni, amekaza midomo, kama mtu anayesikiliza sufuria. Mtoto alikimbia mpaka kona, mahali barabara inapopinda kuelekea mjini, akasimama na mikono kiunoni, akihema kama mtoto yeyote aliyekimbia.

Pikapu ikapinda.

Barazani Assia na mgeni walingoja. Nyuma yao madirisha yote ya nyumba yalikuwa wazi, na mapazia yalipeperuka nje. Nura alirudi taratibu, akipiga kijiwe kwa mguu. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Alipokaribia ndipo waliposikia: sukari, marashi, puk, puk. Alisimama mbele ya ngazi akafikiri, uso umekunjwa.

"Mama," alisema, "baada ya kunyamaza?"

Assia hakujua. Hakuwahi kuingia mle.